Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: turudishie mwalimu wa darasa la kwanza

Agosti 2025

Kwa Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: WATOTO KUFIKA DARASA LA NNE HAWAJUI KUSOMA WALA KUHESABU, NA MWALIMU WA DARASA LA KWANZA ALIYEHAMISHIWA MADARASA YA MITIHANI

Mbukwenyi. Nimeanza kwa salamu ya kwetu. Sasa ya kiofisi: habari za kazi, Ndugu Mkurugenzi.

Mimi ni mzazi, ni mjumbe wa kamati ya shule, na ndiye mwenye mashine ya kusaga iliyo ng'ambo ya uwanja wa shule. Shule siitaji jina. Wewe unaijua kwa sababu barua zangu mbili ziko masjala kwako, na wasomaji wengine hawana haja nayo. Watoto na walimu wetu wameshabeba aibu ya kutosha mwaka huu. Itoshe kusema ni shule ya msingi ya serikali, kijijini, mkoani Dodoma.

Siandiki hadharani kwa kupenda. Februari nilimwona mwalimu mkuu tukaongea kwa mdomo, akanisikiliza vizuri tu. Machi jambo likaingia kwenye muhtasari wa kamati ya shule, muhtasari ukapelekwa kwa Afisa Elimu Kata. Aprili nikakuandikia barua, nikaileta kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri, nakala ninayo. Juni nikaandika ya pili. Julai nikafunga mashine siku nzima, nikapanda bodaboda mpaka barabara kuu na basi mpaka ofisini kwako. Nikaambiwa uko kikaoni. Nilikaa kwenye benchi hadi saa nane na nusu mchana, ndipo kijana mmoja mwenye adabu akanishauri nirudi tu nyumbani, kwa kuwa "suala lako lipo kwenye utaratibu, mama."

Utaratibu huo umekula muhula mzima wa darasa la kwanza, na mwaka una mihula miwili tu. Ndiyo maana leo naandika mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma.

Nianze na chanzo. Januari yalitoka matokeo ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Kijana wangu alinifungulia tovuti ya Baraza la Mitihani kwenye simu, tukaitafuta shule yetu, tukaishuka orodha kwa kidole. Kwenye Kiswahili kulikuwa na C za kutosha na B za kuhesabu. Kwenye Hisabati ilikuwa D na E, D na E, mpaka mwisho wa orodha. Nikamwambia arudi juu aanze tena, nikidhani tumefungua shule ya watu wengine.

Baada ya hapo kikaitwa kikao cha tathmini ya elimu. Sikuwepo, lakini waliokuwepo wanasema walimu wakuu wa shule zilizoshika mkia walisimamishwa mbele ya wenzao. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo yaliyotoka Januari 2023. Huku chini bado tunapangana, na wa mwisho bado anasimamishwa. Mwalimu mkuu wetu ni mtu mzima, ana mvi. Alirudi kutoka kikao kile kama mtu aliyetoka msibani, na wiki iliyofuata akabadilisha ratiba ya shule. Kila ninachokilalamikia hapa kinatokana na ratiba ile.

Hoja zangu ni hizi.

1. Watoto wa madarasa ya juu hawasomi, wanabahatisha

Kwangu mashineni watu huleta nafaka asubuhi, unga wakachukua jioni, na wanaotumwa ni watoto. Kila mzigo naandika jina kwenye daftari. Siku moja nilikuwa na unga mikononi, nikamwambia mtoto wa darasa la nne aandike mwenyewe jina la mama yake. Akaandika la kwake. Nikamwambia hapana, la mama. Akaandika tena la kwake. Ndilo jina pekee alilojua kuliandika.

Tangu siku hiyo nikawa mchunguzi. Niliazima shuleni kitabu cha kusomea cha darasa la pili, nikawasikiliza watoto kumi na wawili wa darasa la nne na la tano, mmoja mmoja, nikiwa nimezima mashine. Ndivyo walivyofanya wale vijana wa utafiti wa Uwezo waliopita kaya kwa kaya: kitabu cha darasa la pili kwa mtoto wa madarasa ya juu, anaweza au hawezi. Kwangu watano walisoma ukurasa mzima vizuri. Watatu walisoma silabi kwa silabi, a-na-pe-pe-ta, na walipofika mwisho wa sentensi mwanzo walikuwa wameshausahau. Wanne hawakusoma.

Mmoja wa hao wanne alinidanganya vizuri sana. Ni msichana mchangamfu, wa darasa la nne. Alishika kitabu akasoma kwa sauti ya kujiamini: "Mama anatwanga mahindi." Pichani kulikuwa na mwanamke na kinu. Lakini maandishi yalisema bibi anachambua mchele, kinu ni cha jirani tu. Nikaifunika picha kwa kiganja. Akanyamaza. Akautazama mkono wangu, akanitazama mimi, kisha akasema polepole, "Toa mkono, shangazi, sioni." Herufi zote alikuwa anaziona.

Haya si mageni nchini. Mwaka 2012 taifa lilishtuka kusikia kwamba wapo waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza wasiojua kusoma na kuandika. Tukaambiwa yatashughulikiwa, na kweli yalishughulikiwa: mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015, asilimia 80 ya muda wa darasani ikapewa kusoma, kuandika na kuhesabu, ile KKK. Mwalimu mmoja aliniambia lengo lililowekwa ni mtoto anayemaliza darasa la pili asome maneno 50 kwa dakika na aelewe alichosoma. Mimi sihitaji saa. Nahitaji mtoto ajue kuandika jina la mama yake kwenye gunia.

2. Hesabu za kichwani wanazo, za daftarini hawana

Kwangu kusaga debe ni shilingi 1,200 na sado, kile kindoo kidogo cha kupimia, ni 300. Alikuja mvulana wa darasa la tano na debe mbili na sado moja za mtama, na noti ya 5,000. Nikamwuliza kabla sijafungua droo: chenji yako ngapi? Akatazama juu ya paa, akajibu, "Elfu mbili na mia tatu." Sawasawa kabisa, wala hakutumia vidole.

Nikampa kalamu na kipande cha karatasi. Andika 5,000, toa 2,700. Akapanga tarakimu vizuri, moja chini ya nyingine, akapiga mstari, akaanza kutoka kulia kama alivyofundishwa: sifuri toa sifuri, sifuri, tena sifuri, kisha akakuta sifuri juu na saba chini. Haiwezekani, basi akageuza, akachukua saba. Tano toa mbili, tatu. Jibu: 3,700.

Nikamwonyesha majibu yote mawili. Lipi ni sahihi? Hakusita. "Hapa mashineni ni 2,300," akasema. "Ya shule ni hiyo 3,700."

Nimekaa na jibu hilo miezi mitano sasa. Mtoto huyo si mjinga. Anachunga mbuzi za babu yake, na mmoja akipungua jioni anajua kabla hawajaingia zizini. Lakini hakuna aliyemkalisha darasa la pili na njiti za kiberiti zilizofungwa kumi kumi, akamwonyesha kwamba kumi ikifunguliwa inakuwa moja moja, kwamba "kuazima" ni kufungua fungu kama ninavyochenji noti mimi. Alipewa utaratibu wa mkono bila maana yake. Kwa hiyo anaamini kuna hesabu mbili duniani, na ile ya shule haina wajibu wa kulingana na pesa iliyo mkononi. Mtihani unapima hiyo ya shule. Ndiyo E mliyoiona.

3. Mwalimu aliyekuwa anayafundisha hayo ameondolewa

Hapa ndipo penye barua yenyewe.

Tulikuwa na mwalimu wa darasa la kwanza. Watoto humwita Madamu, nami nitamwita hivyo. Alikuwa na vizibo vya soda amevitoboa na kuvitunga kwenye waya, kumi kila waya. Alikata maboksi ya sabuni akaandika herufi. Hakuwafundisha kusema "em", aliwafundisha "mmm", sauti yenyewe, ili m na a zikikutana mtoto azisikie zinashikana. Ilipofika Septemba watoto wake walikuwa wanasoma vibandiko vya soda dukani na kuwaudhi wenye duka. Wale watano waliosoma vizuri kwangu, niliwauliza wote walianza kwa nani. Wanne walipita kwake.

Februari, baada ya kikao kile, Madamu aliondolewa darasa la kwanza akapewa Hisabati ya darasa la nne na la saba. Sababu tuliyopewa kwenye kamati ni kwamba anafundisha vizuri. Ndugu Mkurugenzi, hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kumwacha pale alipokuwa.

Nafasi yake imeshikwa na kijana wa kujitolea, amemaliza kidato cha nne, analipwa kwa michango yetu wazazi pale inapopatikana. Ana moyo, nisimseme vibaya. Lakini hajasomea ualimu, na amepewa darasa la kwanza na la pili kwa pamoja, chumba kimoja. Jumanne moja nilihesabu vichwa mwenyewe: 131. Uwiano wa serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Madawati yanaishia katikati ya chumba. Wa darasa la kwanza wanakaa chini, nyuma, ambako maandishi ya ubaoni hayaonekani. Akiimbisha "a, e, i, o, u" sauti inafika mpaka kwangu, nzuri, kama kwaya ya kigango. Nilisimama dirishani kuwatazama. Waliokuwa mbele walitazama ubao. Waliokuwa nyuma waliimba kwa nguvu zaidi ya wote, macho yao yakiwafuata kuku nje.

Fanya hesabu nami. Mtoto aliyeko darasa la kwanza mwaka huu atapimwa darasa la nne mwaka 2028. Matokeo yake yatatoka karibu na Januari 2029. Katika kikao cha tathmini cha mwaka huo mtamsimamisha mwalimu mkuu, huenda mwingine kabisa, mumwulize kwa nini safu ya Hisabati imejaa E. Jibu lake liko nyuma ya darasa lile leo, limekaa sakafuni.

4. Kambi, "ujirani mwema" na herufi C

Darasa la saba wako kambini kujiandaa na mtihani wa kumaliza. Kila mzazi ametoa debe la mahindi, maharage na shilingi 10,000, na asiyetoa mtoto wake harudishwi nyumbani rasmi, anaambiwa tu "mwambie mzazi aje". Jumamosi kuna mtihani wa ujirani mwema, ule wa pamoja na shule jirani. Kuna wa kata, kuna wa wilaya. Kila karatasi ina gharama ya kuchapa. Tangu Januari 2016 elimu hii haina ada, na ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndiyo inashuka shuleni. Hiyo ni 500 kwa mwezi. Kwangu haisagi sado mbili. Naielewa shule inapokuja na bakuli kwetu. Nisichokielewa ni kwa nini tunachanga kwa ajili ya kupima tu, na hakuna mchango uliowahi kuitishwa wa kununua hata katoni moja ya chaki za darasa la kwanza.

Na kupima kwenyewe kunafundisha nini? Sehemu kubwa ya maswali ya darasa la saba ni ya kuchagua herufi, A hadi E. Nilimwuliza mtoto mmoja wa kambi, akikutana na swali asilolijua anafanyaje. "Naweka C." Kwa nini C? "C huwa nyingi."

5. Lugha na njaa

Kwa ufupi, maana haya mawili yanajulikana. Watoto wetu wengi wanaingia darasa la kwanza na Kigogo. Kiswahili wanakikuta shuleni, siku ileile wanapokutana na herufi. Madamu ni wa kutoka mbali lakini alijifunza maneno ya kutosha kumweleza mtoto kinachosemwa. Kijana tuliyenaye sasa anajua Kigogo vizuri kuliko Madamu, ila ameambiwa asikitumie darasani. Sidai mtaala wa Kigogo. Nadai mtoto wa miaka sita aruhusiwe kuelewa.

Njaa: uji ulikuwepo hadi Machi, ukaisha. Hapa kosa ni letu pia. Kamati ilipanga kila kaya ilete sado mbili, nusu hawakuleta, na wengine walioshindwa kuleta mtama niliwaona na simu mpya. Unga wa uji wa shule nausaga bure, nilisema kwenye mkutano na narudia hapa.

6. Mwaka 2027 unakuja

Hili sijamsikia kiongozi yeyote akiliongelea kijijini kwetu. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita. Walio darasa la nne sasa watamaliza wakiwa darasa la sita, mwaka 2027. Walio darasa la tano sasa, ambao bado wako kwenye mtaala wa zamani, watamaliza darasa la saba mwaka huohuo. Shule yetu itakuwa na madarasa mawili ya kumaliza kwa mpigo, kwa mitaala miwili, na bado darasa la nne lina upimaji wake. Ikiwa dawa yetu kwa madarasa mawili ya mtihani ni kunyofoa mwalimu wa darasa la kwanza, kwa madarasa matatu tutamnyofoa nani? Mlinzi?

Najua nitakayojibiwa, kwa sababu mengine nimeshajibiwa.

Nitaambiwa walimu hawatoshi nchi nzima. Kweli. Lakini sijaomba mwalimu mpya. Nimeomba aliyepo arudi chumba cha pili kutoka pale anapofundisha sasa. Hakuna posho ya uhamisho, hakuna kibali cha ajira, ni hatua arobaini kuvuka mwembe.

Nitaambiwa ratiba ya shule hupangwa na mwalimu mkuu, si Mkurugenzi. Kweli pia, kwenye karatasi. Lakini mwalimu mkuu hupanga ratiba akiangalia uso wako. Anaulizwa darasa la nne na la saba, basi anaweka nguvu darasa la nne na la saba. Siku akiulizwa ni watoto wangapi wa darasa la pili wanasoma, kesho yake Madamu atakuwa amerudi kwenye vizibo vyake. Simlaumu. Ningekuwa mimi ndiye niliyesimamishwa mbele ya watu, na umri wangu huu, huenda ningefanya hivyohivyo.

Nitaambiwa wazazi wa huku hawafuatilii. Wapo wasiofuatilia, nimewasema hapo juu bila kuwaficha. Ila mzazi asiyejua kusoma atafuatilia nini kwenye daftari lenye alama za vema tupu? Nimeona daftari la mtoto yule wa picha na kinu. Lina vema nyekundu kila ukurasa. Alinakili ubaoni, akapata vema.

Na nitaambiwa, hasa mwezi Septemba ukipita, kwamba ufaulu wa darasa la saba umepanda. Ukipanda nitapiga vigelegele, nina mpwa wangu kambini. Lakini msinioneshe asilimia ya darasa la saba kama jibu la swali la darasa la kwanza.

Basi, Ndugu Mkurugenzi, ninachoomba, na kamati ya shule inakijua:

(a) Madamu arudishwe darasa la kwanza shule zitakapofunguliwa baada ya likizo fupi ya Septemba. Darasa la saba watakuwa wameshamaliza mtihani, kwa hiyo hata kisingizio hicho hakitakuwepo.

(b) Darasa la kwanza na la pili vitenganishwe. Chumba kipo, sasa hivi kimejaa madawati mabovu na magunia ya saruji iliyoganda.

(c) Kila mtoto wa darasa la pili asikilizwe akisoma, mmoja mmoja, kabla ya mwaka kuisha, na idadi ya wanaoweza na wasioweza isomwe kwenye mkutano wa wazazi. Bila majina. Upimaji wa KKK wa kitaifa umekuwa ukichukua shule za sampuli. Huu wa kwetu hauhitaji karatasi ya kuchapa, unahitaji kitabu kimoja na mtu wa kusikiliza. Nitajitolea.

(d) Kwenye kikao cha tathmini kijacho, walimu wakuu waulizwe darasa la pili kabla ya darasa la nne. Na wasisimamishwe.

(e) Michango ya mitihani ya Jumamosi ya madarasa ya chini ya la saba isitishwe. Ndiyo, hata darasa la tatu sasa wanachangia.

(f) Nijibiwe kwa maandishi. Nikijibiwa kwamba haiwezekani, niandikiwe kwa nini haiwezekani.

Sijataja jina la mtoto wala mwalimu katika barua hii na sitataja. Majina ya wale kumi na wawili ninayo kwenye daftari la mashine, pamoja na ukurasa kila mmoja aliokwama. Afisa wako akija nitampa.

Ila ningependa uje mwenyewe, siku yoyote ya shule, saa nne asubuhi, na usitoe taarifa, maana ukitoa taarifa Madamu atarudishwa darasa la kwanza kwa siku hiyo moja. Ingia kwa mlango wa nyuma. Kuna jiwe karibu na ukuta ambalo watoto hulikalia kwa zamu. Mwambie mmoja akupishe. Kisha utazame ubaoni kutoka hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, mjumbe wa kamati ya shule, mwenye mashine